Kola ya Mama

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili ni la vipimo vya wateja. Mabega, kifua, kiuno, urefu wa mkono. Lakini mvua imeanza mapema, wateja wamejifungia majumbani kwao, na kurasa zimekaa bure. Nitaziandikia hasira zangu, maana nikimwambia Mama atasema nina mdomo mchafu, na nikimwambia muuza vifungo wa mlango wa pili, mtaa mzima utakuwa umesikia kabla chai haijapoa.

Leo Katibu wa mtaa kapita nyumba kwa nyumba. Eti kuna mradi. Kitashonwa kitambaa kikubwa cha kufunika ukuta mzima pale wagonjwa watakapokuwa wakisubiri, katika zahanati mpya. Kila nyumba ishone kipande kimoja cha mraba, dhiraa moja kila upande, kisha vyote viunganishwe. Kuna msanii anakuja kutuongoza. "Ni sanaa ya wananchi," akasema Katibu, huku akipangusa matope ya viatu vyake kwenye mkeka wangu. Mkeka wangu!

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Mteja mmoja, zipu moja.

Ijumaa, 7 Machi

Ukumbi wa mtaa unanuka magunia yaliyolowa. Dari linavuja sehemu tatu na Katibu ameweka ndoo mbili, kwa hiyo tone la tatu lilikuwa likiniangukia mimi mgongoni. Msanii ni binti wa miaka thelathini hivi, mpole, miwani mikubwa, vidole ambavyo sindano haijawahi kuviuma. Akatuambia, "Kila mmoja wetu hapa ni msanii." Wanawake wakapiga makofi. Mimi nimekaa nyuma ya cherehani miaka ishirini na sita na hakuna aliyewahi kunipigia makofi kwa kumaliza suruali.

Kila nyumba ishone kitu kinachoielezea. Yule mama muuza maziwa atashona ng'ombe. Muuza vifungo atashona vifungo, nani angefikiria. Mama yangu akasimama, akashika kiti cha mbele yake, akasema, "Nyumba yetu itashona kola."

Wazee wenzake wakaguna kwa kuridhika. Wanajua. Mama ndiye aliyenifundisha kazi hii, na kabla yangu yeye ndiye aliyeshona mashati ya harusi ya nusu ya mtaa. Kola ndiyo kipimo cha fundi: ncha mbili zilingane, ukingo usipinde, shingo isibanwe. Mpaka leo akipita mtu wa makamo utasikia, "Mama, shati limezeeka, kola uliyonishonea bado imesimama." Hilo ndilo jina lake. Nyumba hana, ya kupanga hii. Shamba hana. Ana kola.

Sasa ana miaka sabini na sita. Anasema macho yake hayana neno, ila mwanga wa siku za mvua ni mbaya. Mwanga ulikuwa mbaya hata Januari, jua likiwaka.

Jumanne, 11 Machi

Leo nimekasirika kweli.

Kwa kuwa mimi ni fundi, Katibu amenipa kazi ya kuunganisha vipande. Leo nimeunganisha vinne vya kwanza, kwa mkono, maana Msanii hataki cherehani. Saa tatu nzima nimeinama. Mshono mwembamba, sawasawa, mwanzo mpaka mwisho. Msanii akauinua dirishani, akautazama, akakunja uso kwa huruma kama daktari mwenye habari mbaya.

"Dada Fundi, ni safi mno."

"Asante."

"Hapana, maana yangu ni kwamba unafanana na wa kiwandani. Watu wanataka kuuona mkono wa mwanadamu. Huwezi kuulegeza kidogo? Upindepinde?"

Nikamwambia mkono wa mwanadamu ndio huu, umeshika sindano mbele yake tangu asubuhi. Akacheka, akidhani namtania. Kisha akachukua wembe akafumua kazi yangu yote, taratibu, huku akinieleza uzuri wa kasoro. Ebo! Miaka yote hii nimekuwa nikiwafumulia wanafunzi wangu mishono iliyopinda. Leo nimefumuliwa mimi kwa sababu nimenyoosha. Nilitoka nje nikatema mate.

Ijumaa, 14 Machi

Leo kaja na sufuria ya chai ya rangi, akachovya humo vitambaa vyeupe vipya, "ili vionekane vimeishi." Haikutosha. Akatoka uani, akachota tope kwa mkono, akavipaka. Sisi ambao tangu mvua ianze kazi yetu ni kusugua tope kwenye nguo za watoto mpaka vidole vinachubuka, tukasimama pale tukitazama. Mama muuza maziwa akaninong'oneza, "Huyu ana akili timamu?" Msanii alipogeuka na kumuuliza anaonaje, yule yule akajibu, "Inapendeza sana, binti."

Tope silionei kinyaa, nimelala nalo na kuamka nalo. Kinyaa kilinishika kwa lile "inapendeza."

Jumatano, 19 Machi

Muuza vifungo anashona amefumba jicho moja, makusudi, ili kazi ipinde. Kaniambia mwenyewe, bila haya. "Fundi, mpe upogo, atakupiga picha." Kapigwa picha tatu. Na anajua kushona, yule! Nimeyaona mapazia yake. Mtu mzima anajifanya hamnazo ili asifiwe.

Ijumaa, 21 Machi

Leo nimeiona kola ya Mama.

Wiki mbili alikuwa akiishona asubuhi kando ya dirisha, amenipa mgongo, na mimi nilijiambia nisimsumbue. Ukumbini akaitoa kwenye mfuko, bado haijaisha, akampa Msanii aitazame. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Ncha moja ilikuwa ndefu kuliko mwenzake kwa upana wa kidole. Ukingo ulikuwa unapanda na kushuka. Mishono mingine imerukwa, mingine imerundikana, na sehemu moja uzi ulikuwa umepita hewani, haukushika kitambaa kabisa. Mtoto wa darasa la pili angeona aibu.

Msanii akaweka mkono kifuani. "Mama," akasema, "hii ndiyo kazi nzuri kuliko zote humu ndani." Akaipiga picha, karibu, mbali, karibu tena. Akaniita pembeni, macho yanametameta. "Umeona inavyotetemeka? Huwezi kumfundisha mtu hivyo."

Nilitaka kumzaba kofi. Huwezi kumfundisha mtu hivyo! Miaka arobaini na tano yule mwanamke ameshona, mkono wake ulikuwa kama rula, na sasa anavishwa kilemba cha ukoka kwa sababu haoni. Na yeye kasimama pale, shingo juu, akidhani anasifiwa kwa kunyoosha.

Njiani, chini ya mwavuli mmoja, akaniambia, "Umesikia? Nzuri kuliko zote." Nikasema, "Nimesikia, Mama."

Hicho kitambaa kitatundikwa kwenye zahanati. Kila mtu wa mtaa huu ataumwa siku moja. Atakaa kwenye benchi, atainua macho, ataiona kola ile, atasema: kumbe ndiyo hii. Hapana. Sitakubali.

Jumatatu, 24 Machi

Baada ya chakula cha mchana Mama hulala kwa saa moja na nusu. Leo alipolala nilichukua wembe. Nimefumua ncha ya kulia yote, nimeipima, nimeikata upya kidogo, nimeishona. Uzi ule ule, sindano ile ile, na sindano nimeirudisha pale pale alipoichomeka, ili kesho aendelee alipoishia.

Alipoamka aliifunga kazi mfukoni bila kuigusa sana.

Jumanne, 25 Machi

Nimefumua. Nimeshona.

Alhamisi, 27 Machi

Nimefumua. Nimeshona. Mvua haijakatika tangu jana. Nguo za wateja zinaota ukungu kwenye kamba, chumba kizima kinanuka kama kinywa cha mtu aliyelala na njaa.

Ijumaa, 4 Aprili

Msanii kaitazama kola muda mrefu.

"Dada Fundi, Mama anaendeleaje?"

"Vizuri."

"Naona mkono umebadilika."

"Amezoea," nikasema. "Mwanzoni alikuwa bado hajapata kasi."

Kaguna, kainua miwani. Hakupiga picha. Nimefurahi kwelikweli, kwa mara ya kwanza tangu mvua hii inyeshe. Waseme wanavyosema, kwenye ukuta ule kutakuwa na kipande kimoja cha kazi ya fundi.

Jumatano, 9 Aprili

Katibu amekula maandazi juu ya kitambaa. Vidole vitano vya mafuta juu ya ng'ombe wa mama wa maziwa. Msanii anasema tuviache, ni alama ya maisha. Nimeacha hata kukasirika, natazama tu.

Alhamisi, 17 Aprili

Ninapomaliza, huwa nauguza mgongo na kuitazama kola. Ni nzuri, sitajidanganya. Ndivyo alivyokuwa akiishona. Mama asubuhi huharibu, mchana mimi hutengeneza, kila siku hivyo hivyo, na leo nilimwangalia akiinamia kazi yake kando ya dirisha, pua inakaribia kugusa kitambaa, ulimi umetoka kidogo pembeni, nikasikia kinyaa. Kwa Mama yangu mwenyewe. Kwa mikono ile. Nikasema moyoni, si uache tu, unanichosha.

Nimeandika na sifuti.

Jumatatu, 21 Aprili

Paa la jikoni limevuja. Nimefumua kidogo tu.

Ijumaa, 25 Aprili

Kola imekwisha. Mama kavaa gauni lake la kutokea, tukaenda ukumbini, kaitoa mfukoni mbele ya wote. Watu wakasogea. "Mama, mkono ule ule!" akasema Katibu. Mama akatabasamu. Mimi nikasogea nyuma.

Msanii akaitazama kwanza. Kisha akachuchumaa mbele ya kiti cha Mama, akamshika goti, akamuuliza kwa sauti ya chini, lakini ukumbi wote ulisikia. "Mama, naomba nikuulize bila kukukosea heshima. Kuna mtu alikusaidia?"

"Kunisaidia nini?"

"Kola hii siyo ile niliyoipiga picha."

Mama akaichukua. Hakuiinua machoni. Akaiweka mapajani, akapitisha kidole gumba ukingoni, taratibu, kutoka ncha moja mpaka nyingine, kisha akarudi. Nilijua kinachokuja kabla hajafika katikati. Mimi ni mashoto. Nilipokuwa mdogo alijaribu kunihamishia sindano mkono wa kulia, akashindwa, akaniacha, na tangu siku hiyo mishono yangu ya mkono hulalia upande mwingine na yake. Kwa macho ni vigumu kuona. Kwa kidole, kwa mtu aliyeshona miaka arobaini na tano, ni kama kupapasa kitambaa kinyume na manyoya yake. Mwezi mzima nilikumbuka uzi, nikakumbuka pa kuirudisha sindano, mkono wangu mwenyewe nikausahau.

"Hii siyo kola yangu," Mama akasema. "Ni ya huyu."

Hakunitaja wala hakuninyooshea kidole. Aliikunja mara mbili, akampa Msanii, akasimama, akatoka. Mwavuli ulibaki kwangu. Nilimkimbilia, akasema, "Niache nitembee." Akatembea peke yake kwenye mvua ile, mkono mmoja unagusa kuta za nyumba, ukuta kwa ukuta, mpaka mlangoni kwetu.

Nyumbani nikampa taulo. Akalishika bila kujifuta.

"Nilitaka watu wasikucheke, Mama."

"Nani alinicheka?"

"Wangekucheka."

"Nitajie mmoja aliyenicheka."

Nilitafuta, wallahi, nilimtafuta hata mmoja. Katibu? Muuza vifungo? Yule mama wa maziwa? Hata Msanii, ambaye siku zote hizi nimemla nyama humu daftarini, alikuwa amecheka nini?

"Unadhani mimi sijui mikono yangu?" Mama akasema. "Najua iko wapi. Najua ilikuwa wapi. Nilisema nitashona kola yangu ya mwisho, itoke itakavyotoka. Wewe ukanifumua. Mimi nimelala, wewe unanifumua."

Jumamosi, 26 Aprili

Mama hajasema neno tangu jana.

Jumapili, 27 Aprili

Neno moja. "Chumvi."

Jumatatu, 28 Aprili

Muuza vifungo kaja na uzi niliomwagiza. Nilitarajia kejeli zake, nilikuwa nimeshaandaa majibu. Kakaa kwenye kigoda cha wateja, kapangusa maji miguuni, kaniuliza Mama yuko wapi. Amelala, nikasema.

"Fundi, macho yake yalianza zaidi ya mwaka sasa. Ulijua?"

"Nilijua."

"Aliwahi kukwambia?"

"Hapana."

"Mimi aliniambia. Huja dukani, namwekea vifungo mkononi, anapapasa, namwambia hiki cha buluu, hiki cheusi, anacheka. Anasema, 'Siku moja utaniuzia njugu nizishone kwenye shati.' Tunacheka wote. Hata mama wa maziwa anajua."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mimi. Mimi ni mwanawe, tunalala nyumba moja.

Yule mwanamke, ambaye mdomo wake haujawahi kufungwa na mtu, akaanza kuhesabu vifungo vya mfukoni mwake. "Usinikasirikie."

"Sema."

"Anakuogopa. Kazi ikipinda, unajua unavyokunja uso wewe. Wateja wanajua, wanafunzi wako walikukimbia kwa hilo. Aliniambia, 'Nikimwambia siioni tena sindano, ataninyang'anya.'"

Alipotoka nilikwenda kwenye kioo cha kupimia wateja. Nilitaka kuuona huo uso. Midomo imevutwa chini, pua imepandishwa, kama mtu aliyeletewa kitu kilichooza. Sikuwa nimekasirika hata kidogo wakati ule. Ndivyo ulivyo tu. Ndio uso wangu wa kila siku. Nimeuchukia kuliko nilivyolichukia tope lile, kuliko sufuria ile ya chai, kuliko chochote nilichokiandika humu.

Ijumaa, 2 Mei

Msanii alikuja nyumbani. Hakuja kwangu. Alimwambia Mama kwamba bado kuna nafasi ya kipande kimoja, pembeni kulia, na kwamba ile kola nyingine itawekwa kwa jina langu kama Mama anakubali. Mama akasema, "Mwekeeni. Ni kazi nzuri, ni kazi yake." Kisha akamuuliza yule binti kama ukumbi unafunguliwa asubuhi.

Unafunguliwa, binti akasema, na akaahidi kuja kumchukua mwenyewe.

"Mama, unaweza kushonea hapa," nikasema. "Sitaigusa. Naapa."

"Najua," Mama akasema. Akaendelea kupanga vitu vyake mfukoni: mkasi, kitambaa cheupe, kopo la sindano.

Jumatatu, 5 Mei

Ametoka saa mbili. Amerudi saa saba. Nimemuuliza kazi inaendaje. Inaenda.

Jumatano, 7 Mei

Mvua imepungua. Wateja watatu. Mmoja kaleta suruali ya mwanawe, kajaribu mwenyewe kuipunguza, imepinda vibaya. Nilijitahidi na uso wangu. Sijui kama niliweza, alichukua mzigo wake akasema atarudi kesho.

Alhamisi, 8 Mei

Kesho kutwa kitambaa kinatundikwa. Leo nilifunga duka mapema, nikampelekea Mama chakula ukumbini, maana aliondoka bila kula. Hakuna aliyenituma.

Mlango ulikuwa wazi. Walikuwa wawili tu, Mama na Msanii, kwenye benchi chini ya dirisha kubwa. Msanii alikuwa anamtungia uzi. Kazi hiyo haiwezi hata kidogo yule binti: alilamba uzi, akakosa tundu, akalamba tena, akakosa, akatukana kidogo. Mama akacheka kwa sauti, kichwa nyuma, nikaona pengo la jino lake la pembeni. Sikumbuki mara ya mwisho kuliona. Akampokonya sindano, akatunga mwenyewe kwa kupapasa, jaribio la nne au la tano, na hakuna aliyekuwa akihesabu isipokuwa mimi. Kisha akainama akaanza kushona, huku akimweleza binti yule jinsi kola inavyogeuzwa ncha, maneno yale yale aliyoniambia mimi nikiwa na miaka kumi na moja.

Kutoka pale mlangoni niliiona kazi. Imepinda. Imepinda kuliko ile ya kwanza. Nilijikaza nisikunje chochote, hata nyusi, nikapiga hatua moja ndani.

Mama akaacha kushona. "Nani?"

"Ni binti yako, Mama," Msanii akasema. "Kakuletea chakula."

"Aa," Mama akasema. "Asante, mwanangu. Weka hapo." Akavuta mtandio wake begani, akaifunika kola.